Nyumba ya Kutosha Mtu

Jiko la Frankfurt lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Nasema jiko la kuingia, si meko ya gesi. Keja yangu nzima huku Kahawa West ni mita 3 kwa 4, na hapo nimehesabu choo. Nilipima Jumapili moja stima ikiwa imepotea, kwa tepu ya kazini, na tangu hapo namba hizo zimekataa kunitoka kichwani. Kazi yangu ni kuchora vyumba kama hiki.

Mimi ni mchora ramani. Sijafika kuitwa msanifu. Naketi mbele ya kompyuta katika ofisi ndogo jijini na kugeuza maneno ya wateja kuwa mistari. Mteja wetu wa kawaida ana ploti ya futi 50 kwa 100, ana mkopo wa sacco, na ana swali moja tu: zitaingia ngapi? Yaani bedsita ngapi kila ghorofa. Ukimwambia 10, atauliza mbona isiwe 12. Mwaka huu nimekuwa na mmoja wa aina hiyo, mzee mpole sana mwenye ploti upande wa Juja. Aliangalia ramani yangu ya kwanza, akaweka kidole kwenye jiko.

"Hapa unapoteza nafasi," akasema. "Kijana wa bedsita hapiki. Ananunua chipo."

Bosi wangu akacheka kwa heshima. Mimi nikamwaza Ernst May.

Jina hilo nililisikia mara ya kwanza chuoni, kwenye somo la historia ya usanifu. Slaidi moja: nyumba nyeupe zenye paa bapa, Ujerumani, miaka ya 1920, haya tuendelee. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu huyo aliishi Afrika Mashariki karibu miaka 20. Kwamba alijijengea nyumba Karen. Kwamba ukitembea Kimathi Street utapita Kenwood House, jengo lake la mwaka wa 1937, na pengine umewahi kujikinga mvua hapo ukimngoja mtu aliyekuambia "niko karibu" akiwa bado Roysambu. Tulifundishwa habari zake kama mtu wa mbali, kumbe alikuwa jirani.

Alizaliwa Frankfurt mwaka wa 1886. Akiwa kijana alikwenda Uingereza akafanya kazi kwa Raymond Unwin, mmoja wa mabingwa wa ile miji ya bustani: nyumba za kadiri, miti, hewa, barabara zinazopinda kufuata ardhi. Wazo hilo lilisafiri mno. Lilifika hadi Kaloleni hapa Eastlands, iliyojengwa miaka ya 1940, na ndiyo sababu Kaloleni ina nyasi na miti ambayo mitaa iliyokuja baadaye inaisikia tu kwa stori. May alirudi nalo kwao, na mwaka wa 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, akampa mamlaka ambayo hakuna msanifu wa Nairobi amewahi hata kuyaota. Mipango ya jiji na ujenzi wa nyumba viliwekwa mikononi mwake, na meya akasimama nyuma yake.

Ujerumani ilikuwa imetoka vitani imeshindwa, pesa yake ikaoza, na watu wakarundikana katika vyumba vya giza. Serikali iliweka ushuru kwa wenye majumba ya zamani, kwa sababu madeni yao yalikuwa yamemezwa na mfumuko wa bei, wakabaki na majumba bila deni. Fedha hizo zikasaidia kujenga nyumba mpya. Rudia hapo polepole, wewe unayekatwa pesa za nyumba kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi: walikatwa malandilodi.

Kwa miaka mitano Frankfurt ikajenga nyumba kama 12,000. Kuta nyingine zilitengenezwa kiwandani zikiwa slabu, zikaletwa saiti na kupandishwa kwa kreni. Mtaa wa Römerstadt, uliojengwa 1927 na 1928 kando ya mto Nidda, uliwekewa umeme kila nyumba na bustani za kulima mboga. Na ndani ya nyumba hizo ndimo lilimokaa lile jiko la mita 1.9 kwa 3.4.

Hakulichora May. Lilichorwa na Margarete Schütte-Lihotzky mwaka wa 1926, akiwa na miaka 29, na ni vizuri jina lake litajwe kikamilifu kwa sababu kazi za wanawake katika ofisi za wasanifu huwa na tabia ya kuhamia kwenye jina la bosi. Alihesabu hatua za mwanamke anayepika kama vile kiwandani wanavyohesabu mikono ya mfanyakazi, kwa saa. Alichunguza majiko ya mabehewa ya treni, yale ambayo mpishi mmoja analisha abiria wengi bila kusogea mbali. Akaweka kila kitu mahali mkono unafika: kiti cha kuzunguka, ubao wa pasi unaokunjwa ukutani, taa inayoteleza juu kwenye reli, droo ndogo za alumini kila moja na jina lake, mchele, sukari, dengu. Dirisha likawa juu ya meza ya kazi. Rangi ikawa ya buluu inayoelekea kijani kwa sababu iliaminika nzi hawaipendi. Majiko kama 10,000 yaliwekwa. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba kabla ya kulichora hakuwa amewahi kuendesha nyumba wala kupika. Hilo hunifurahisha. Mimi pia huchora majiko mchana, na usiku nakaanga mayai nikiwa nimekalia kitanda.

Mwaka wa 1929 wasanifu wa nchi mbalimbali walikutana Frankfurt, wenyeji wao wakiwa May na watu wake, kujadili jambo moja: nyumba ya kiwango cha chini cha maisha. Yaani, ukiondoa anasa yote, mtu anahitaji nini ili aishi kama mtu? Mita ngapi, jua kiasi gani, hewa kiasi gani, choo cha nani? May aliamini swali hilo lina jibu, na kwamba jibu likishapatikana linakuwa sakafu, hakuna familia itakayoruhusiwa kuishi chini yake. Mimi swali hilo hilo naulizwa kila wiki, ila ninaloombwa nitafute ni dari.

Sitaki kumfanya malaika. Kodi ya nyumba zake nyingi iliwashinda wale maskini kabisa, wakaingia makarani na mafundi wenye kazi za uhakika. Lakini sakafu ilikuwepo, na ilikuwa moja kwa kila aliyeingia.

Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, fedha zikakauka, na mwaka wa 1930 May akapanda treni kwenda Muungano wa Kisovieti na kikosi cha wenzake, Schütte-Lihotzky akiwemo. Huko walitakiwa kupanga miji mizima ya viwanda, maarufu zaidi ikiwa Magnitogorsk chini ya milima ya Ural. Mambo hayakwenda. Kiwanda cha chuma kilipewa saruji, wafanyakazi wakapewa mabanda na mahema. Ilipofika mwisho wa 1933 alikuwa ametosheka, ila nyumbani kulikuwa na Hitler. May alikuwa na asili ya Kiyahudi na jina la mtu wa mrengo wa kushoto, na hayo mawili yalitosha.

Mwaka wa 1934 akatokea Tanganyika, mwanamume wa miaka 47, akanunua shamba karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru. Mtu aliyejenga nyumba 12,000 sasa anapanda miche. Wajerumani hawakuwa wageni huko, nchi ilikuwa koloni lao hadi vita vya kwanza, lakini wakati huo bendera ilikuwa ya Uingereza. Mwaka wa 1937 akahamia Nairobi na kufungua ofisi. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza walimwona Mjerumani tu, wakamfungia kambini pamoja na watu waliokuwa wakimshangilia yule yule aliyemkimbia. Alipotoka, akarudi kwenye meza yake ya kuchorea.

Hapa ndipo stori yake inapoanza kunihusu kwa namna isiyopendeza.

Nairobi aliyoikuta haikumhesabu Mwafrika kama mpangaji mwenye familia. Alikuwa mkono wa kazi uliokuja mjini kwa muda, na kwa hivyo alihitaji kitanda. Babu yangu alikuwa kibarua wa reli na alilala Muthurwa katika chumba cha wanaume wanne. Nyanya alibaki ushago. Alipokuja kumtembelea, wale watatu walitafuta mahali pengine pa kulala, na siku ya tatu alijua wamechoka, akafunga mzigo. Mama hutusimulia hilo kama kichekesho. Nyanya mwenyewe hakuwa akicheka.

Sasa, ungetegemea kwamba mtu wa Frankfurt, bingwa wa kiwango cha chini, akiuona mji kama huo angelipuka. May alilifikiria jambo hilo, hiyo ni kweli. Mwaka wa 1945 hivi alibuni nyumba ya Mwafrika ya kutengenezwa kwa vipande. Mbavu za saruji zilizopinda zinasimamishwa na kukutana juu kama mikono ya mtu anayeomba, halafu slabu zinaning'inizwa kwenye mbavu hizo kwa kulabu. Ukuta na paa ni kitu kimoja. Umbo lake lilikusudiwa kufanana na kibanda cha asili, ili mwenye nyumba asishtuke. Nyumba za mfano zikapatikana, mpango haukuenea.

Nimeichora nyumba hiyo kwenye kompyuta nikifuata picha, kwa kutaka tu kujua. Ni kazi ya akili, siwezi kubisha. Kisha nikajaribu kuweka kabati. Haliwezi kusimama, kwa sababu ukuta unakujia. Kitanda kinakaa, lakini mtu wa upande wa ukuta akiamka haraka atajigonga. Droo za mchele na sukari hazimo, wala taa ya reli. Yule yule aliyesimamia kila sentimita ya jiko la mwanamke wa Frankfurt alipofika kwetu alianza na umbo la kibanda, na mtu akafuata baadaye.

Huo ndio mfupa ulionikwama kooni. Ulipokuwa Mjerumani maskini, kiwango cha chini kilipatikana kwa kukupima wewe: urefu wa mkono wako, hatua zako, mwanga wa jua unaohitaji. Ulipokuwa Mwafrika maskini, kilipatikana kwa kukisia umefika ngazi gani ya ustaarabu. May aliamini, na aliandika hivyo, kwamba Mwafrika angeinuliwa hatua kwa hatua na kwamba nyumba ingekuwa mmoja wa walimu wake. Kwa mlowezi wa wakati ule huenda huo ulikuwa msimamo wa huruma. Wengine hawakutaka ainuliwe kabisa.

Ukitaka kuona mawazo hayo yakiwa na ukubwa wa mji, nenda Kampala. Serikali ya Uganda ilimwita May kupanga upanuzi wa mji, na ripoti yake kuhusu Kololo na Naguru ikachapishwa mwaka wa 1947. Mwaka jana nilikwenda huko kwa basi la usiku, harusi ya rafiki, na asubuhi iliyofuata nikamwomba bodaboda anizungushe kwenye vilima hivyo viwili. Alidhani natafuta nyumba ya kupanga.

Mpango wenyewe, kama kuchora, ni mzuri. Kinachokera ni hapo. Barabara zinaukumbatia mlima badala ya kuupasua, mabonde yanaachwa yapumue, upepo unafikiriwa. Ni Unwin mtupu, ni Römerstadt yenye migomba. Lakini kila rangi ina kilima chake. Kololo kwa Wazungu na Wahindi, kila mmoja na sehemu yake, Naguru kwa Waafrika, na lile bonde la kupumulia likawa pia ukuta. Nilisimama juu ya Kololo nikatazama Naguru ng'ambo na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba bustani inaweza kufanya kazi ya waya wa seng'enge, na ikaifanya vizuri zaidi kwa sababu hakuna mtu anayeilalamikia bustani.

Vilima havikutii ripoti milele. Ni pale pale Kololo ambapo bendera ya Uganda ilipandishwa mwezi wa Oktoba 1962. Upande wa Naguru na Nakawa, nyumba za serikali za enzi ya ukoloni zilibomolewa mwaka wa 2011 na wapangaji wakaondolewa kupisha mradi mpya. "Watu walilia, ssebo," bodaboda wangu aliniambia, bila kugeuka. Tukashuka.

Kwa shilingi chache tu kutoka hapo aliniacha kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda. Hilo pia ni la May, lilifunguliwa 1954. Nilitaka kulichukia, na lilinishinda. Ni refu, limetulia, mwanga unaingia kutoka juu na kushuka kwa adabu, na ndani kuna ngoma na zeze na amadinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ilitaka kulibomoa ipandishe mnara wa biashara mahali pake, na raia wakaenda mahakamani kulitetea. Waganda wakaliombea jengo la Mjerumani. Sikuona ajabu. Jengo likikaa na watu muda wa kutosha linaacha kumjua aliyelichora.

Kuna jengo lake moja, lakini, lililonifanya nirudi kwenye daftari zangu na kufuta mambo niliyokuwa nimeandika kwa hasira. Liko Moshi.

Wakulima wa Kichaga wa kahawa walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu 1933. Baada ya vita bei ya kahawa ilipanda, chama kikawa na pesa, nyingi, na kikaamua kujenga makao yake mjini. Kazi ikampata May, na kati ya 1949 na 1952 likapanda jengo lenye ofisi, maduka, ukumbi, hosteli na mahali pa masomo, kwa mali ya watu ambao, kwa mujibu wa ngazi zake mwenyewe, walikuwa bado wanapanda hatua kwa hatua. Nimelipita mara mbili nikienda kwa jamaa zetu kupitia Taveta. Bado lipo katikati ya mji, maduka chini, watu wakiingia na kutoka kwa shughuli zao. Halina umbo la kibanda. Kona zake zina nyuzi 90. Kabati lingesimama popote.

Kilichobadilika ni nini? May alikuwa yule yule, mwenye vitabu vile vile na imani zile zile. Wachaga walikuwa Waafrika wale wale. Ila safari hii hawakuwa wapangaji watarajiwa kwenye ripoti ya mtu mwingine. Walikuwa mteja. Walikaa upande wa pili wa meza, wakamwambia wanataka nini, na bili ilikuwa yao. Mbele ya mteja hakuna msanifu anayeuliza umefika ngazi gani. Anauliza, nyinyi mngependa ukumbi wa watu wangapi?

Nazijua hisia hizo kutoka upande wa chini wa meza. Mwezi mmoja nilichora bedsita 60 na nyumba ya vyumba vitano vya kulala kwa mtu mmoja Runda. Kwa bedsita, swali lilikuwa sentimita ngapi tunaweza kula. Kwa Runda, mwenye nyumba alitaka chumba cha mbwa kiwe na dirisha upande wa mashariki. Nikalichora. Mbwa huyo anapata jua la asubuhi kuliko mimi.

Sehemu iliyobaki ya safari ya May naipita haraka kwa sababu yeye mwenyewe ni kama aliipita hivyo. Mombasa aliacha Hoteli ya Oceanic, jengo lililopinda ili vyumba vyake vitazame bahari na kupokea upepo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, na mwanzo wa 1954 yeye alikuwa Ujerumani, Hamburg, akisimamia mipango katika Neue Heimat, kampuni kubwa ya nyumba iliyomilikiwa na vyama vya wafanyakazi. Akashiriki mitaa mikubwa mikubwa, kama Neue Vahr kule Bremen yenye nyumba kama 10,000. Magorofa, nafasi za kijani, barabara pana. Kizazi kilichofuata kikailaumu mitaa hiyo kwa upweke wake. Alifariki Hamburg mwaka wa 1970 akazikwa Frankfurt, na leo nyumba moja ya Römerstadt ni makumbusho ya jina lake, jiko la Frankfurt likiwa limerudishwa lilivyokuwa, unaweza kuingia ukafungua droo ya mchele.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimsumbua mama kwa stori za huyu mtu. Mama alitulea watatu kwa chumba kimoja Shauri Moyo, pazia katikati, watoto huku, wazazi kule, na mpishi alikuwa yeyote aliye karibu na stovu ya mafuta taa. Nilimweleza habari ya kiwango cha chini, jua, hewa, mita. Alisikiliza huku akichagua maharagwe.

"Sasa wewe, Mama, ungesema kiwango cha chini ni nini?"

"Mlango wa pili," akasema, bila hata kufikiri.

"Kwa sababu ya moto?"

"Moto gani? Mahali pa kulia, mwanangu. Baba yenu alipofutwa kazi nilikwenda kulia chooni cha ploti, na watu wamepanga foleni nje wanagonga."

Hilo halikuwepo kwenye ajenda ya Frankfurt 1929. Lihotzky alihesabu hatua, hakuhesabu machozi, na simlaumu, hakuna saa ya kupima hiyo. Lakini ukiangalia jiko lake utaona alilitenga na sebule kwa mlango wa kuteleza. Wakosoaji wa baadaye walisema lilimfungia mwanamke peke yake humo ndani. Mama, nilipomwonyesha picha kwenye simu, aliuliza tu kama mlango huo unafungwa kwa ndani.

Nikarudi ofisini nikafungua ile faili ya Juja. Nilichofanya hakikuwa cha kishujaa, kilikuwa hesabu. Niligeuza bafu likatazamana na la jirani ili mabomba yapite ukuta mmoja, nikapunguza korido ambayo mteja aliipenda bila sababu, na zile sentimita nilizookoa nikazirundika mahali pamoja. Likatokea jiko la mita 1.2 kwa 1.8, na dirisha, na slabu ya kupikia yenye nafasi ya mtungi wa gesi chini yake. Na mlango. Kwa kila ghorofa ziliingia bedsita 11.

Mzee alikuja Alhamisi na koti lake la kahawia. Bosi alikuwa ametoka kwenda kanju kufuatilia stempu, kwa hivyo tulikuwa wawili tu. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Nilisema 12."

"Ni kweli, Mzee."

"Na hili jiko bado liko."

"Liko."

Akavua miwani, akaipangusa na pindo la shati. Nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeuona mfuko wa unga kwenye buti ya gari lake aliponipa lifti hadi steji wiki iliyopita, kama ana watoto chuoni. Akasema ndiyo, kitinda mimba, yuko Nakuru, mwaka wa tatu.

"Amepanga?"

"Amepanga bedsita."

"Chakula je, anapika?"

"Atapika wapi huyo," akaanza, kisha akanyamaza. Akatazama ramani. "Mama yake humtumia unga na maharagwe kila mwezi. Anasema anapikia kwenye korido. Juzi keateka amemwambia aache, moshi unaingia kwa wengine."

Sikuongeza neno. Alirudisha miwani, akapima lile jiko kwa vidole vyake, kidole gumba na cha shahada, akavipeleka kwenye mizani iliyoandikwa chini ya ramani, akarudi tena.

"Hii slabu, mtu mrefu hatainama sana?"

"Sentimita 90, Mzee. Kijana wako ana urefu gani?"

Akainua mkono hewani, juu kidogo ya kichwa chake mwenyewe. Nikaandika 90 kwa penseli pembeni, nikaizungushia duara.

Msingi umeanza kuchimbwa mwezi huu. Zimebaki 11. Aliomba kitu kimoja tu kibadilishwe: kitasa cha mlango wa jiko kiwe cha bei ya chini.